Bango limezidi kipimo: mji wa Minnesota unaweza kukuruhusu lini?

Swali hili halikauki miongoni mwa Waafrika Mashariki wanaofungua saluni, migahawa na maduka ya vyakula katika miji ya kando ya Minneapolis, kama Brooklyn Park. Fundi mabango amechora, mwenye duka amependa, mji umekataa kwa sababu bango limezidi ukubwa au limesogea mno barabarani. Je, kuna njia ya kuomba?

Njia ipo, na jina lake huko ni variansi: ruhusa ya kutofuata kipimo fulani cha kanuni katika kiwanja kimoja. Haitolewi kwa huruma, wala kwa sababu biashara yako inaleta ajira mtaani. Wengi hukataliwa kwa kosa lile lile: wanaeleza habari za duka, na bodi ya mji inayoamua maombi hayo imekaa kusikiliza habari za kiwanja.

Sheria yenyewe ni ya jimbo. Ni kifungu cha 462.357, kifungu kidogo cha 6, na mji hauwezi kujitungia kipimo kilicho kinyume chake. Ina historia fupi inayofaa kujulikana, kwa sababu bado kuna fomu na makala zinazozunguka zikiwa na maneno ya zamani. Tarehe 24 Juni 2010 Mahakama ya Juu ya Minnesota, katika kesi ya Krummenacher dhidi ya mji wa Minnetonka, iliyohusu ujenzi juu ya gereji wala si bango, ilisema variansi itolewe tu pale ambapo bila hiyo kiwanja hakiwezi kutumika kwa namna yoyote ya maana. Kwa kipimo hicho karibu kila ombi la bango lingekufa, maana duka huendelea kuuza hata likiwa na kibao cha ukubwa wa trei. Mwaka 2011 bunge la jimbo likalegeza: badala ya "dhiki kubwa" ya sheria ya zamani, mwombaji sasa anatakiwa kuonyesha ugumu wa kiutendaji.

Ugumu huo una sehemu tatu. Unachotaka kufanya kiwe cha busara hata kama kanuni haikiruhusu. Tatizo litokane na hali ya pekee ya kiwanja, hali ambayo mwenye kiwanja hakuisababisha mwenyewe. Na ruhusa ikitolewa, isigeuze sura ya eneo. Juu ya hizo tatu kuna mbili nyingine: ruhusa iendane na kusudi la kanuni, na isigongane na mpango kabambe wa mji. Zote tano zitimie. Bodi ikipata moja tu iliyopwaya, inayo sababu halali ya kukataa.

Kuna sentensi moja zaidi ndani ya kifungu hicho ambayo ingefaa ibandikwe ukutani kwa kila fundi mabango: sababu za kiuchumi peke yake hazihesabiki kuwa ugumu.

Kabla ya kwenda mbali, tazama kanuni za mabango za mji wako ziko katika sura gani ya sheria ndogo. Mara nyingi ziko ndani ya sura ya mipango miji, na hapo vigezo nilivyotaja ndivyo vinavyotawala. Baadhi ya miji imeziweka katika sura yake peke yake, yenye utaratibu wake wa maombi na mara nyingine vigezo vyake. Ukijibu maswali ya sura isiyo yako, hata majibu mazuri hayatakusaidia.

Sasa, hali ya pekee ya kiwanja ni ipi hasa kwa upande wa mabango? Mfano ulio na nguvu ni ule ambao serikali yenyewe imeuleta: ukuta wa kuzuia kelele umejengwa kando ya barabara kuu na kulifunika jengo, au barabara imepanuliwa, kipande cha mbele cha kiwanja kikachukuliwa, na bango lililokuwa mbali na mpaka sasa liko karibu mno bila kusogezwa hata inchi moja. Hapo hakuna wa kusema umejitakia. Kundi la pili ni maumbile ya ardhi: barabara iko juu na kiwanja kiko bondeni, kuna daraja linalokata macho, kiwanja kina umbo la pembetatu, au jengo limerudi nyuma futi 300 na mbele yake ni maegesho ya duka jingine. Kundi la tatu ni jengo la kihistoria ambalo ukuta wake una nafasi moja tu ya kuweka herufi, na nafasi hiyo haitoshani na kipimo cha kanuni.

Miti ni sababu dhaifu kuliko watu wanavyodhani. Bodi itauliza kwa nini isipunguzwe matawi. Isitoshe, Minnesota majani hupukutika miezi mingi ya mwaka, hivyo ukileta picha za Januari umejimaliza mwenyewe. Kama ni lazima utegemee miti, piga picha Julai, na uthibitishe kwamba miti hiyo iko kwenye ardhi isiyo yako au inalindwa na kanuni.

Hapa kwenye kuonekana ndipo ombi hushinda au hushindwa, kwa hiyo fanya hesabu badala ya kulalamika. Kipimo kinachotumika sana kwa alama za barabarani ni kwamba kila inchi 1 ya kimo cha herufi husomeka kutoka umbali wa futi 30 hivi, kama rangi zinapishana vizuri. Herufi ya inchi 12 basi husomeka kutoka futi 360. Gari linalokwenda maili 45 kwa saa hukata futi 66 kila sekunde. Dereva ana sekunde 5 na nusu hivi za kusoma, kuamua na kupunguza mwendo. Sasa tuseme jengo la jirani limechomoza mbele, na bango lako linaanza kuonekana ukiwa futi 150 tu. Sekunde zimeshuka hadi 2 na kidogo.

Angalia hesabu hiyo inasema nini. Ukiongeza herufi hadi inchi 18, zingesomeka kutoka futi 540, lakini hakuna anayeziona kutoka huko. Ukuta wa jirani uko pale pale. Kuomba bango kubwa zaidi katika hali hii ni kuomba dawa isiyo ya ugonjwa huo, na mtaalamu wa mipango miji ataliona hilo mara moja. Unachohitaji ni kusogeza bango mbele, kutoka futi 15 hadi labda futi 7 kutoka mpaka, au kuruhusiwa kibao kinachochomoza kutoka ukutani. Kinyume chake, kama jengo limerudi nyuma futi 300 na hakuna kinachozuia macho, hapo ukubwa ndio jibu, na kusogeza hakusaidii. Ombi liendane na tatizo. Wengi huandika tatizo moja na kuomba jambo jingine.

Picha nazo zina namna yake. Kimo cha jicho la dereva hukadiriwa kuwa futi 3 na nusu kutoka lami, si kimo cha mtu aliyesimama. Pima umbali wa futi 100, 200, 300 na 400 kutoka mahali bango litakapokaa, pande zote mbili za barabara, na upige picha ukiwa kwenye kiti cha abiria, bila kuvuta lenzi. Mtu mmoja asimame mahali pa bango ameshika fito yenye alama nyekundu kwenye kimo kinachoruhusiwa na alama ya bluu kwenye kimo unachoomba. Picha nne za namna hiyo zina uzito kuliko barua ndefu ya wakili.

Tuje kwenye sababu zinazorudi kila kikao na kuangushwa kila kikao. "Jirani analo kubwa kuliko hili." Huenda la jirani liliwekwa kabla ya kanuni ya sasa na linaruhusiwa kubaki, halikupi haki yoyote. "Bango limeshatengenezwa." Hilo umelisababisha mwenyewe. "Fundi alisema hakuna shida." Vivyo hivyo. "Mauzo yatashuka." Uchumi peke yake. "Kampuni inataka rangi na ukubwa huu." Kampuni hubadilika zikibanwa: McDonald's ya Sedona, Arizona, ina matao ya rangi ya feruzi tangu mwaka 1993 kwa sababu mji haukutaka manjano. Kuhusu nembo zilizosajiliwa, sheria ya shirikisho huzuia mji kukulazimisha kuibadilisha nembo yenyewe, lakini mahakama ya rufani ya shirikisho kule magharibi, katika kesi ya Blockbuster dhidi ya Tempe mwaka 1998, ilisema mji bado unaweza kukataa bango lenyewe lisiwekwe. Usajili wa nembo hauongezi futi hata moja.

Na ile ya "mbona mabango ya uchaguzi ni makubwa na yako kila kona?" ina jibu lake. Kifungu cha 211B.045 kinaruhusu mabango yasiyo ya biashara, ya ukubwa wowote na idadi yoyote, kuanzia siku 46 kabla ya uchaguzi wa awali wa jimbo hadi siku 10 baada ya uchaguzi mkuu, katika mwaka wa uchaguzi huo. Ni sheria ya jimbo, si upendeleo wa mji.

Maneno yaliyomo kwenye bango, kwa upande mwingine, hayapaswi kuingia kwenye mjadala kabisa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Reed dhidi ya mji wa Gilbert, Arizona. Kanuni za Gilbert ziliruhusu mabango ya kisiasa hadi futi 32 za mraba katika baadhi ya maeneo, ya itikadi hadi futi 20, na yale ya kuelekeza watu kwenye ibada futi 6 tu. Majaji wote walikubaliana kwamba kanuni hizo hazisimami. Tangu hapo mji makini hutazama ukubwa, kimo, mwanga na mahali, haulizi bango linasema nini. Lugha nayo ni hivyo hivyo: mwaka 1989 mahakama ya shirikisho iliifuta kanuni ya mji wa Pomona, California, iliyolazimisha nusu ya bango lenye herufi za kigeni iwe ya herufi za Kiingereza. Mjumbe wa bodi akianza kuuliza kwa nini umeandika "Karibu" badala ya neno la Kiingereza, jibu kwa upole na uhakikishe swali hilo limeingia kwenye kumbukumbu za kikao. Lakini nawe usijenge ombi lako juu ya ujumbe. Ukisema "hili ni bango la kanisa, lipewe nafasi zaidi", unawaomba wafanye jambo lile lile walilokatazwa.

Kuna mambo ambayo bodi haina mamlaka nayo hata ikitaka. La kwanza ni hifadhi ya barabara. Aliyewahi kuona ukuta umechorwa X nyekundu na TANROADS, wakala wa barabara wa Tanzania, hahitaji maelezo marefu: ardhi hiyo si yako, na bodi ya mji haiwezi kuigawa. Vitongoji vya Minnesota vina mtego wake hapa, maana barabara kubwa inayopita mbele ya duka mara nyingi ni ya kaunti au ya jimbo, hivyo hata mji ukikubali nguzo isogee, mwenye barabara anaweza kukataa. Uliza barabara ni ya nani kabla ya kulipa ada. La pili ni matumizi yasiyoruhusiwa kabisa katika eneo hilo. Sheria inakataza kuyapitisha kwa jina la variansi. Miji mingi huweka mabango ya juu ya paa na ya kutangaza biashara iliyo kwingine katika kundi hilo. Na pembe ya makutano inayoachwa wazi ili madereva waonane, sijui bodi iliyo tayari kuichezea.

Kabla ya kuomba, hata hivyo, rudi kwenye mchoro. Sehemu kubwa ya maombi haikuhitajika, kwa sababu bango lingetosha kama lingepimwa au kupangwa vingine. Chukua jina la duka lenye herufi za kimo cha futi 2 na urefu wa futi 16: futi 32 za mraba. Chini yake, nafasi ya inchi 6 ikiachwa, kuna mstari mdogo wa inchi 8 kwa futi 6: futi 4. Mji unaokubali kila mstari upimwe kwa mstatili wake utahesabu 36. Mji unaozungushia mstatili mmoja kila kitu utahesabu karibu 51. Na kama herufi zimekaa juu ya ubao wa rangi tofauti wa futi 4 kwa 18, huenda ukahesabiwa ubao mzima, futi 72. Kama kikomo ni 40, mchoro ule ule unapita au unakataliwa kwa namna ya kupima tu. Ondoa ubao, herufi zikae moja kwa moja ukutani, mstari mdogo uhamie kwenye kioo cha mlango, na huenda huna kesi tena.

Njia nyingine za kukwepa kikao ni hizi: miji fulani humruhusu afisa wake kupitisha tofauti ndogo bila bodi, majengo ya maduka mengi yanaweza kuwa na mpango mmoja wa mabango ambao mwenye jengo anaweza kuomba urekebishwe, na kama ukumbi wako ulikuwa na bango la zamani lililozidi kipimo, kifungu kidogo cha 1e cha kifungu kile kile cha 462.357 kinaruhusu litengenezwe, lirekebishwe, hata libadilishwe kwa jipya, mradi lisipanuliwe. Haki hiyo hufa likiachwa kutumika zaidi ya mwaka mmoja, au likiharibiwa na moto au ajali kwa zaidi ya nusu ya thamani yake ya soko na kibali cha ujenzi kisiombwe ndani ya siku 180. Anayepanga jengo lililokaa tupu aulize swali hilo kabla ya kusaini mkataba wa pango, si baada ya kung'oa fremu ya zamani na kuipeleka kwa wauza chuma chakavu.

Ukiona huna budi kuomba, anza kwa mazungumzo na afisa mipango miji. Hayana gharama, na mara nyingi atakwambia waziwazi kama ripoti yake itakuunga mkono. Kisha uandae:

- fomu iliyosainiwa na mwenye kiwanja, kwa sababu mpangaji peke yake hawezi kuomba;
- mchoro wa kiwanja wenye skeli, ukionyesha mipaka, jengo, maegesho, hifadhi ya barabara na mahali pa bango;
- mchoro wa ukuta au nguzo wenye vipimo vyote, aina ya taa na mwangaza wake;
- zile picha za umbali tofauti;
- barua inayojibu kila kigezo kwa aya yake, kwa mpangilio ule ule wa sheria;
- ada, ambayo kwa kawaida hairudishwi ukikataliwa.

Omba kiasi kile tu ambacho hesabu yako inakihitaji. Anayeomba futi 20 zaidi ili apunguziwe zibaki 10 anadhani yuko sokoni. Bodi haipatani bei. Inapima ushahidi, na ukikubali haraka kushushwa umeonyesha kwamba hukuhitaji.

Majirani watapelekewa taarifa, na kikao kitakuwa cha wazi. Waone majirani mapema, hasa wenye nyumba za kulala zinazotazamana na taa zako. Wajumbe wa bodi usiwaendee nyumbani. Kwetu kumtangulia mzee kwa salamu ni adabu, lakini hawa wanaketi kama waamuzi, na mazungumzo ya pembeni yanaweza kulitia doa ombi lililokuwa safi. Peleka kila ushahidi ulio nao kwenye kikao chenyewe: ukija kwenda mahakama ya wilaya, jaji kwa kawaida hutazama kilichokuwa mbele ya bodi, na kama sababu zake zilikuwa halali na zina msingi.

Saa nayo inakwenda. Kifungu cha 15.99 kinaupa mji siku 60 tangu ulipopokea ombi kamili la maandishi. Kama kuna upungufu, mji unatakiwa kukuarifu kwa maandishi, ukitaja kinachokosekana, ndani ya siku 15 za kazi. Mji unaweza kujiongezea siku nyingine 60, lakini kwa barua yenye sababu, inayotumwa kabla zile za kwanza hazijaisha. Muda ukipita bila kukataliwa, ombi linahesabiwa limekubaliwa. Tunza bahasha, risiti na barua pepe zenye tarehe. Na afisa akikuomba usaini karatasi ya kuongeza muda, soma kwanza, maana hiyo saa ni ya faida yako.

Ukikubaliwa, tarajia masharti. Sheria inataka yahusiane moja kwa moja na athari za bango na yalingane nayo kwa uzito: taa zizimwe saa fulani, bango la nguzo la zamani liondolewe, maua yapandwe kwenye msingi. Sharti la kutengeneza njia ya miguu ya mtaa mzima kwa sababu ya futi 8 za herufi halilingani, na unaweza kulipinga. Variansi hufuata ardhi, hivyo duka likiuzwa inabaki, ila miji mingi huweka mwisho wake, mara nyingi mwaka mmoja, kama bango halijasimamishwa. Bado utahitaji kibali cha bango chenyewe na cha umeme, na mkaguzi atatafuta lebo ya usalama wa umeme kwenye kila herufi yenye taa ndani. Herufi zilizoagizwa mtandaoni bila lebo hiyo hukwama hapo, hata kama bodi nzima ilipiga kura ya ndiyo.